Rejista ya apeli: namna Kisangani ilivyohesabu wanafunzi wake tangu wakati wa misioni

KISANGANI, TSHOPO. Kabla ya somo la kwanza kuanza, mwalimu wa shule ya msingi hufungua rejista na kuita majina. Walimu wa hapa huiita kazi hiyo apeli, neno lililobaki kutoka Kifaransa. Mtoto akijibu, anawekewa alama moja. Asipojibu, anawekewa alama nyingine. Kazi inachukua dakika chache, kisha rejista inafungwa, na mara nyingi haifunguliwi tena mpaka kesho yake asubuhi.

Siku hizi shule zenye umeme na kompyuta zinaanza kuhamisha rejista hiyo kwenye programu ya jedwali kama Excel, au kwenye programu zilizotengenezwa kwa ajili ya shule. Humo kuna kitufe kimoja kinachowavutia sana madirekta: kuchuja. Ukikibonyeza, majina 600 yanaweza kubaki 12 tu, ya wale waliokosa masomo siku tatu mfululizo. Kazi iliyokuwa ikichukua jioni nzima inaisha kabla chai haijapoa.

Mama anayetwanga muhogo anajua kuchuja ni nini. Unga laini unapita, chenga zinabaki juu ya chungio. Na anajua pia kwamba ukubwa wa matundu unaamua kitakachopita. Rejista za shule mjini Kisangani zimechujwa kwa zaidi ya miaka 100, kwa mkono, kabla kompyuta haijafika. Historia ya kazi hiyo inaonyesha nani alikuwa ameshika chungio, na watoto gani walibaki bila kuonekana.

Majina kwa ajili ya misioni

Kiswahili kilifika hapa pamoja na wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wao, pamoja na dini ya Kiislamu. Mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola la mfalme Leopold II. Miaka kumi baadaye, siku ya Noeli ya 1897, padri Gabriel Grison wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu alianzisha misioni ya Saint-Gabriel, karibu na mji. Katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19, Waprotestanti wa shirika la Kibaptisti la Uingereza walijenga Yakusu, upande wa chini wa mto, katikati ya Walokele. Kutoka Yakusu shule ndogo zilienea katika vijiji vya kandokando ya mto, nyingi zikiwa mikononi mwa walimu wenyeji.

Kwa misioni hizo, orodha ya watoto wa shule ilikuwa ndugu ya orodha ya wanaofundishwa dini. Aliyekuja shule alikuwa njiani kuelekea ubatizo. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo rejista iliulizwa mjini kwetu lilikuwa hili: ni wangapi walio wetu?

Swali la pili lilikuja na pesa. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikubali kuzilipa ruzuku misioni zilizoitwa za kitaifa, hasa za Kikatoliki, ili zifundishe kwa kufuata programu yake. Mpango huo ulipangwa kuanzia 1925 na kuthibitishwa mwaka 1929. Yakusu na misioni nyingine za Kiprotestanti zilibaki nje ya ruzuku hiyo hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Palipo na ruzuku pana mkaguzi, na mkaguzi hawezi kukaa darasani mwaka mzima. Anasoma karatasi.

Congo haikuwa ya kwanza kuingia katika njia hiyo. Nchini Uingereza, mwaka 1862, kiongozi wa elimu Robert Lowe alileta kanuni iliyofanya sehemu ya pesa za shule itegemee wastani wa mahudhurio, na sehemu kubwa zaidi itegemee watoto kufaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30, na malalamiko ya rejista zilizopambwa yalienda nayo bega kwa bega. Pesa zinapofuata idadi ya vichwa, kila kichwa kinakuwa na bei, na mwandishi wa rejista anaingia katika kishawishi.

Orodha nyingine, ya Yakusu

Hata hivyo, hapa karibu yetu paliwahi kuwa na orodha ya aina tofauti, na haikuwa ya shule. Mwaka 1920 daktari Clement Chesterman alifika Yakusu, wakati ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu wengi katika vijiji vya mto. Yeye na wauguzi waliofundishwa hapohapo walitumia dawa iliyoitwa tryparsamide. Dawa hiyo haikuwa ya sindano moja. Mgonjwa alipaswa kurudi tena na tena.

Katika kazi kama hiyo, jina lenye maana kubwa ni la yule ambaye hakurudi. Hesabu ya waliokuja leo haimsaidii mgonjwa aliyebaki kijijini. Muuguzi anapaswa kujua ni nani aliyekosa, anakaa wapi, na kwa nini hakuja, kisha mtu apande mtumbwi kwenda kumtafuta.

Hizi basi ni rejista mbili tofauti, hata kama zimeandikwa kwenye karatasi ileile. Moja ni ya kuhesabu, na inasomwa na mkubwa aliye mbali. Nyingine ni ya kutafuta, na inasomwa na mtu aliye karibu na mtoto. Rejista ya shule ya Kisangani, karibu wakati wote, imekuwa ya kwanza.

Majina yanapobadilika

Baada ya uhuru wa 1960 mji ulipita katika misukosuko inayojulikana. Mnamo Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji ulioitwa bado Stanleyville, na Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa ndege. Chuo Kikuu Huria cha Congo, kilichoanzishwa hapa mwaka 1963, kililazimika kuhamia Léopoldville kwa muda. Mwaka 1966 mji ukaitwa Kisangani.

Jambo lililoigusa rejista moja kwa moja lilikuja mwaka 1972. Katika siasa ya kurudi kwenye asili, rais Mobutu aliagiza majina ya Kikristo yaachwe. Mtoto aliyeandikwa Joseph katika rejista ya 1971 hakuweza tena kuitwa hivyo darasani. Nafasi yake ilichukuliwa na jina la pili la mababu, lile linaloitwa postinomu hadi leo. Katika miaka ya 1990 majina ya Kikristo yalirudi, lakini postinomu haikuondoka. Ndiyo sababu mtoto wa Congo ana majina matatu kwenye buletini yake: jina, postinomu na prenomu.

Kwa mwalimu anayemjua mtoto kwa sura, hilo si tatizo. Kwa kompyuta ni tatizo kubwa. Programu inasoma herufi tu. Mtoto aliyeandikwa Oktoba kwa jina na postinomu, kisha Januari kwa jina na prenomu, anakuwa watoto wawili: mmoja ametoroka shule, mwingine ameingia katikati ya mwaka. Herufi moja ikizidi, mtoto wa tatu anazaliwa. Direkta anayechuja bila kusafisha majina kwanza anaweza kutangaza utoro ambao haukuwepo.

Dawa ya jambo hilo ni namba moja ya kudumu kwa kila mwanafunzi. Congo ina huduma ya taifa ya kutambua wanafunzi, SERNIE, na buletini zetu zina nafasi ya kuandika namba ya kudumu. Kenya ilifuata njia kama hiyo mwaka 2017 kwa mfumo wake wa NEMIS, na ikakutana na mtihani wake: watoto wasio na cheti cha kuzaliwa walipata shida kuandikishwa. Hapa Tshopo, ambako vijiji vingi viko mbali na ofisi ya hali ya raia, funzo hilo ni la kukumbukwa. Namba inapaswa kumfuata mtoto, isiwe mlango wa kumfungia nje.

Wakati wa prime

Mwishoni mwa 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa. Hazikukaa nazo muda mrefu: tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulitiwa sahihi na makanisa yakarudishiwa usimamizi wa shule, huku serikali ikibaki na programu na mishahara. Katika miaka ya 1980 ikaundwa SECOPE, idara ya kuhakiki na kulipa walimu, baada ya kuonekana kwamba orodha za mishahara zilijaa majina ya watu wasiokuwepo. Tena swali lilikuwa la juu kwenda chini: ni walimu wangapi, madarasa mangapi? Direkta aliyetaka darasa jipya likubaliwe alihitaji wanafunzi wa kutosha kwenye karatasi.

Kisha mishahara yenyewe ikakauka. Mwaka wa shule 1991-1992 ulikuwa mwaka mweupe, bila masomo ya kawaida. Shule zilipofunguliwa, wazazi ndio waliobeba mzigo kwa kulipa prime ya walimu. Hapo rejista ya apeli ikapata ndugu mpya: orodha ya waliolipa na wasiolipa.

Kila aliyesoma Kisangani katika miaka hiyo anaujua utaratibu. Majina yanasomwa, wenye deni wanasimama, wanarudishwa nyumbani. Mchana, katika rejista, watoto hao wanahesabiwa kuwa hawakuwepo. Lakini walikuja. Waliamka, walivaa nyeupe na buluu, walitembea hadi shuleni, na shule yenyewe ikawatoa. Alama yao ilikuwa ileile ya mtoto mwenye malaria, ileile ya kijana aliyekwenda machimbo ya almasi, ileile ya aliyeanza kuendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ili nyumbani wale.

Hilo ndilo pengo kubwa la rejista yetu. Ina alama ya kutokuwepo na haina nafasi ya sababu. Mtu akichuja leo rejista za miaka ile, ataona watoto waliokosa masomo. Hataona waliofukuzwa.

Juni 2000

Kutoka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Yalikuwa yamepigana hapa Agosti 1999, kisha Mei 2000, lakini siku sita za Juni zilizidi zote. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mji, mamia ya raia waliuawa, na shule zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyopigwa. Juni ni mwezi wa mitihani. Watoto walioitwa majina mwishoni mwa Mei, baadhi hawakuitikia tena.

Thamani ya karatasi zilizotunzwa ilionekana miaka 22 baadaye, mjini Hague. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama haikukana kwamba watu waliteseka. Ilisema, kuhusu madai mengi, kwamba ushahidi uliotolewa haukutosha kujua idadi kwa uhakika, hivyo ikapanga kiasi cha jumla. Hadi leo, mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake hapa Kisangani, unashughulika na kazi ngumu ya kuthibitisha nani aliye mwathirika wa kweli.

Rejista ya darasa haiwezi kuthibitisha kifo. Lakini inaweza kuonyesha kwamba mtoto mwenye jina fulani alikuwa katika darasa fulani mpaka siku fulani, na kwamba baada ya siku hiyo hakuonekana. Iliyotafunwa na mchwa haiwezi kusema hata hilo.

Masomo ya bure na hesabu mpya

Mnamo Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, kama ilivyoandikwa katika ibara ya 43 ya Katiba ya 2006. Watoto walijaa madarasani. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya COVID-19. Tangu Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yaliyoanzia Lubunga yamewafanya maelfu ya watu wayakimbie makazi yao, pamoja na watoto wa shule. Kila tukio limebadilisha maana ya alama ya kutokuwepo.

Wakati huohuo serikali inakusanya takwimu kila mwaka kupitia mfumo wake wa habari za elimu, SIGE. Fomu zake, zile madirekta wanazozijua kwa majina ya ST1, ST2 na ST3, huuliza hasa walioandikishwa: wangapi kwa darasa, wasichana wangapi, wa umri gani. Aliyeandikishwa Septemba akaacha masomo Novemba anaweza kubaki katika hesabu ya mwaka. Habari zake zimo katika rejista tu, kabatini mwa direkta.

Hata wastani unadanganya. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na kila siku wapo 54. Ripoti itasema mahudhurio ni asilimia 90, na kila mtu atafurahi. Lakini kuna njia mbili za kufikia 54. Huenda watoto sita wanaokosa ni tofauti kila siku, leo mwenye homa, kesho aliyekwenda msibani. Au huenda ni walewale sita tangu mwezi uliopita, na wamekwisha kuacha shule bila mtu kugundua. Jumla haiwezi kutofautisha. Kuchuja kunaweza, kwa sababu kunarudisha majina.

Namna ya kushika chungio

Walimu na madirekta wanaoanza kutumia kompyuta wanaweza kupata faida kubwa wakizingatia mambo manne ambayo historia hii inayafundisha.

La kwanza, siku zisizo na mwalimu ziondolewe kabla ya kumhesabia mtoto. Tangu 2011 mishahara ya walimu ilianza kupita benki, na vijijini mara nyingi kupitia Caritas, na mwalimu wa mbali hupoteza siku njiani akifuata mshahara wake. Kuna pia siku za mgomo. Siku ambayo darasa halikufunguliwa, mtoto hakukosa masomo. Masomo ndiyo yalimkosa mtoto.

La pili, nafasi tupu isisomwe kama jibu. Katika jedwali, kisanduku kisichoandikwa kitu kinaweza kuwa mtoto hayupo, au mwalimu alisahau. Ni vizuri kuandika alama kwa kila hali, kisha kuchuja visanduku vitupu peke yake ili mwalimu aulizwe.

La tatu, iongezwe safu ya sababu, yenye maneno machache yaliyokubaliwa: ugonjwa, amefukuzwa kwa minervali, kazi, msiba, kivuko, usalama, haijulikani. Shule za msingi za umma hazipaswi tena kufukuza kwa ajili ya pesa, lakini sekondari minervali bado ipo, na prefe wa masomo anapaswa kuona siku ngapi shule yake mwenyewe iliwatoa wanafunzi. Mtoto wa Lubunga anayesoma Makiso anategemea mtumbwi au bac ili avuke mto. Ukichuja kwa komini na kwa siku za mvua kubwa, mtoro huyo anaweza kuonekana kuwa ni mtoto aliyekosa chombo. Lakini sababu ya ugonjwa au ya deni la nyumba ya mtu si ya kubandika ukutani. Ibaki kwa mwalimu na direkta.

La nne, kuchuja kunaficha tu, hakufuti. Direkta anayesahau kuondoa chujio anaweza kutuma ripoti ya nusu shule akidhani ni shule nzima. Kinyume chake, anayefuta mistari ya waliokosa ili jedwali liwe safi amefuta ushahidi wenyewe. Nakala nzima ihifadhiwe, na rejista ya karatasi isitupwe, kwa maana umeme wa Tshopo kila mtu anaujua.

Kazi hii yote inaweza kufanyika kila Ijumaa kwa nusu saa. Direkta anachuja waliokosa siku tatu mfululizo bila sababu, anapata majina labda matano, labda manane. Orodha hiyo haiendi Kinshasa. Inakwenda kwa mwalimu wa darasa, kwa kamati ya wazazi, kwa jirani anayekaa avenyu moja na familia ya mtoto, na kabla ya Jumatatu mtu mmoja anapiga hodi.